Maswali ya Wasomaji: Ngoma, Sanamu na Sanaa katika Bustani za Mji

Mwezi uliopita tuliwaomba wasomaji watuandikie kuhusu bustani za umma za miji yao: zinatumikaje, nani huandaa shughuli humo, na sanamu au michoro iliyomo ilifikaje. Barua tunazozijibu hapa ni zile ambazo majibu yake yanaweza kuwafaa wengi. Tumezifupisha, na kwa desturi ya safu hii hatutaji majina ya walioziandika.

Shikamoo Mhariri. Sisi ni kikundi cha vijana wa Kisauni, Mombasa. Tunataka kuandaa siku moja ya mashairi, ngoma na uchoraji wa watoto katika bustani ya Mama Ngina, bila kiingilio. Hatuna fedha nyingi na hatujawahi kufanya jambo kama hili hadharani. Tuanzie wapi?

Marahaba, vijana wetu. Anzieni bustanini penyewe kabla ya kwenda ofisi yoyote. Chagueni siku ya wiki na saa mnayoikusudia, mwende mkae hapo tangu watu wanapoanza kuingia hadi wanapotawanyika, na mwandike mnachokiona. Jumapili alasiri pale Mama Ngina mtakuta familia zimekaa zikitazama meli zikiingia mlango wa Kilindini, mtakuta wauza madafu na mihogo, watoto wanaokimbizana, na wazee waliokuja kupunga upepo. Hao wote wamefika kabla yenu, na shughuli yenu itafaulu ikiwa watajiona ni wageni waalikwa, si watu waliosogezwa ili kutoa nafasi. Muuza mihogo aliyeambiwa mapema kwamba siku fulani kutakuwa na ngoma atakuja na gunia la ziada na atawatangazia wateja wake. Asiyeambiwa, akakuta jukwaa limesimama pale anapoweka jiko lake, atakuwa na haki ya kulalamika, na malalamiko yake yatawafikia wakubwa upesi kuliko barua yenu.

Mkishajua mnataka kona gani, ulizeni bustani iko chini ya nani. Jambo hili huwakwaza wengi, kwa kuwa bustani mbili za mji mmoja zaweza kuwa chini ya mamlaka mbili tofauti, moja ikiangaliwa na serikali ya kaunti na nyingine na taasisi ya kitaifa. Andikeni barua yenye tarehe, saa za kuanza na kumaliza, sehemu ya bustani mnayoomba, idadi ya watu mnaowatazamia, na mahitaji yenu ya umeme, maji na vyoo. Ombeni jibu la maandishi. Ruhusa ya mdomo huisha siku ile aliyeitoa anapokwenda likizo.

Kisha kuna polisi. Kwa sheria ya Kenya, anayeandaa mkutano wa hadhara hutakiwa kumpa mkuu wa kituo cha polisi taarifa ya maandishi si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla ya siku yenyewe. Angalieni kwamba sheria inazungumzia taarifa, si ombi la ruhusa. Wapelekeeni nakala mbili, moja igongwe muhuri mrudi nayo. Wasomaji wetu wa Tanzania Bara nao wajue kwamba kwao taarifa hiyo hutolewa si chini ya saa 48 kabla, na kwamba kwa shughuli za sanaa mtu wa kumwona mapema ni afisa utamaduni wa halmashauri, ambaye mara nyingi hufurahi kuona kuna wananchi wanaomhitaji.

Sauti inahitaji fikra zaidi. Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele tangu mwaka 2009, na shughuli itakayopita viwango inahitaji kibali. Lakini hata mkiwa ndani ya viwango, mahali penyewe pana masharti yake. Upepo wa bahari hupeleka sauti upande wa mjini, kwa hiyo vipaza sauti vikielekezwa baharini wasikilizaji wakae kati ya jukwaa na maji, mtasikika vizuri bila kuwasumbua walio majumbani. Pangeni ratiba ili ngoma inyamaze wakati wa adhana, na mashairi, ambayo hayahitaji mitambo mikubwa, yaje baada ya Alasiri jua linapopungua. Mshairi anayesoma mbele ya watu waliokaa mkekani hahitaji kipaza sauti, na wasikilizaji wake humsikiliza kwa makini zaidi wanapolazimika kusogea.

Kwa watoto, tandikeni mikeka kivulini, muwape karatasi ngumu na rangi za maji zinazooshwa. Msitundike picha zao kwa misumari kwenye mibuyu. Mibuyu ya pale ni mikongwe kuliko mji tunaoufahamu leo, na gome lake laini huingiwa na uozo kupitia kila tundu. Fungeni kamba kati ya nguzo mbili za muda, mwanike picha kwa vibanio vya nguo. Tengeni fungu la fedha kwa ajili ya vyoo, maji ya kunywa, huduma ya kwanza na ubebaji wa taka, na fungu hilo msiliguse hata kama mpiga ngoma maarufu ameongeza bei. Tumeona shughuli nzuri za vijana zikinyimwa ruhusa mara ya pili kwa sababu moja tu: asubuhi iliyofuata mfagiaji wa bustani alikuta kazi ya siku tatu.

Ndugu Mhariri, ninasomea sanaa hapa Nairobi. Kila ninapopita katika bustani zetu najiuliza ni nani aliyeamua sanamu hii isimame hapa na si ile. Je, mwananchi wa kawaida amewahi kuwa na sauti katika jambo hili?

Amewahi, na mara nyingine sauti yake ilisikika kwa sababu alikataa kuondoka. Bustani za Nairobi ni mahali pazuri pa kujifunza jambo hili, kwa hiyo tuvumilie jibu refu.

Anza na Jeevanjee. Mwaka 1906 mfanyabiashara A.M. Jeevanjee aliwapa watu wa mji kipande cha ardhi kiwe bustani, na ndani yake akasimamisha sanamu ya Malkia Victoria. Sanamu ile ilikuwa tamko la enzi yake, la nani anatawala na nani anashukuru. Wakazi hawakuulizwa. Lakini angalia kilichotokea baadaye. Bustani ilizidi kutumiwa na watu ambao Malkia hakuwahusu: wafanyakazi wanaopumzika mchana, wahubiri, wapiga picha, na wale wananchi wanaokutana chini ya miti kujadili siasa, ambao mkutano wao unajulikana kama Bunge la Mwananchi. Mwaka 1991 ulipotokea mpango wa kujenga jengo la ghorofa pale, mjukuu wa Jeevanjee, Zarina Patel, aliongoza upinzani, na bustani ikabaki. Mwaka 2015 sanamu ya Malkia iliangushwa na kuvunjwa na watu wasiojulikana. Mwandishi wa safu hii haungi mkono kuvunja sanamu usiku. Sanamu inayowakera watu inapasa kujadiliwa mchana, na ikibidi kuondolewa, ihamishiwe makumbusho pamoja na maelezo yake. Hata hivyo, tofauti iko wazi: ardhi ilipohatarishwa watu walijitokeza kuitetea kwa majina yao, na sanamu ilipoangushwa ni wachache waliolia.

Sasa vuka barabara kadhaa hadi Uhuru Park, iliyofunguliwa na Rais Jomo Kenyatta mwaka 1969. Mwaka 1989 chama tawala kilikusudia kujenga humo jengo la ghorofa 60, pamoja na sanamu kubwa ya rais wa wakati huo. Wakati ule, katika bustani jirani ya Central Park, tayari palikuwa na mnara wa mwaka 1988 ulioitwa Nyayo, kaulimbiu ya rais huyo, ambao unaonyesha mkono ulioshika rungu ukichomoza kutoka kilele cha Mlima Kenya. Profesa Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, aliandika barua kwa ofisi moja baada ya nyingine, akaenda Mahakama Kuu ambako ombi lake lilitupwa, akatukanwa bungeni, na bado akaendelea kuuliza swali lilelile: watoto wa mji huu watacheza wapi? Wafadhili wa nje waliingiwa na shaka, na hatimaye mradi uliachwa. Wengi wanakumbuka kisa hiki kama vita vya miti dhidi ya zege, na ni kweli; lakini kwa mwanafunzi wa sanaa kina funzo jingine, kwamba sanamu iliyokusudiwa haikuwa na mtetezi hata mmoja nje ya wale walioiagiza.

Katika kona ya Uhuru Park hiyohiyo, Februari 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa walianza mgomo wa kula wakidai wana wao waachiliwe. Polisi waliwatawanya kwa nguvu siku chache baadaye, nao wakahamia Kanisa Kuu la All Saints lililo karibu. Kona ile inaitwa Freedom Corner hadi leo.

Ndipo tunafika kwenye kazi ambayo tungependa uitembelee na daftari lako. Septemba 2015 ilizinduliwa katika kona hiyo kumbukumbu ya walioteswa na kudhulumiwa wakati wa utawala wa kikoloni. Ilitokana na mapatano ya mwaka 2013, ambapo serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa waathirika 5,228 fidia ya jumla ya pauni milioni 19.9 na kugharamia kumbukumbu hiyo. Hapa wenye habari yao walihusishwa, na matokeo yanaonekana katika kazi yenyewe. Sanamu ina watu wawili, mwanamke anayemkabidhi mpiganaji wa Mau Mau chakula, na wala hawatazamani. Kila mmoja amegeuza uso upande wake. Asiyejua atadhani mchongaji amekosea; aliyepitia hali ya hatari ya miaka ya 1950 anajua kwamba chakula kilitolewa hivyo ili akamatwaye asiweze kumtaja mwenzake, hata akiteswa. Hilo ni jambo ambalo mchongaji hawezi kulibuni akiwa peke yake katika karakana. Ni lazima aambiwe na wazee.

Kwa hiyo jibu letu kwako ni kwamba sauti ya mwananchi ipo pale penye utaratibu wa kumsikiliza kabla ya mchoro wa kwanza. Ukiitwa siku moja kushindania kazi ya bustani, uliza kamati iliyoundwa ina nani zaidi ya maofisa na wafadhili. Uliza kama kielelezo kidogo cha kazi kitawekwa hadharani bustanini kwa wiki kadhaa ili watu waseme. Katiba ya mwaka 2010, ambayo ilitangazwa rasmi hapohapo Uhuru Park tarehe 27 Agosti mwaka huo, inautaja ushirikishwaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya utawala wa nchi. Ukidai ushirikishwaji huo, huombi hisani.

Mimi ni mkazi wa Mji Mkongwe, Unguja. Forodhani ilikuwa bustani ya utulivu. Siku hizi magharibi ikiingia ni moshi, majiko na wageni wa kupiga picha. Je, si bora biashara ya chakula iondolewe, pabaki na bustani na muziki wa staha?

Ndugu yetu, malalamiko yako tunayaelewa, lakini hatukubaliani na dawa unayoipendekeza.

Forodhani ilitengenezwa mwaka 1936 kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultani Khalifa bin Harub, na katika maisha yake imebeba mengi: bendi, sherehe za kiserikali, mapumziko ya familia na soko la usiku. Ilipofika miaka ya 2000 ilikuwa imechakaa. Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan uliifanyia ukarabati mkubwa, na ilipofunguliwa tena mwaka 2009 ilikuwa na njia mpya, taa, mifereji na miti iliyotunzwa. Jambo la busara katika ukarabati ule, kwa maoni yetu, ni kwamba wauzaji wa chakula hawakufukuzwa. Walipangiwa sehemu yao. Waliofanya hivyo walitambua kwamba mtu wa mitaa ya jirani ya Malindi au Shangani hashuki Forodhani kwenda kutazama majani. Anashuka kula mishkaki na urojo, kunywa juisi ya miwa iliyokamuliwa mbele yake na kipande cha tangawizi na ndimu, kukutana na jamaa, na kuwatazama vijana wakijirusha baharini kutoka ukutani kwa mitindo ambayo kila mmoja anadai ameibuni yeye. Kujirusha kule ni sanaa, hata kama haina kibali wala jukwaa. Bustani yenye watu kila jioni pia ni salama, kwa mwanamke anayerudi kwake kuliko kwa yeyote mwingine.

Tunachokubaliana nawe ni kwamba kila shughuli inahitaji mpaka na mpangilio. Moshi unapunguzwa kwa kuyaweka majiko upande ambao upepo wa msimu hauupelekei kwenye viti, na upande huo hubadilika kaskazi na kusi. Mafuta machafu ya kukaangia yasimwagwe kwenye mizizi wala baharini. Yawe na pipa lake. Muziki nao usilazimishwe kuwa ndani ya bustani kila mara, kwa kuwa hatua chache tu kutoka hapo ipo Ngome Kongwe yenye ukumbi wa wazi, ambako tamasha la Sauti za Busara limekuwa likifanyika tangu mwaka 2004. Kuta zile nene hupokea sauti kubwa ambayo bustani haiwezi kuibeba. Taarabu ya vyombo vichache, au maulidi, au kikundi cha beni kinachopita na kuondoka, vyote vinakaa vizuri Forodhani pamoja na sahani za watu. Bendi yenye mitambo ya kutetemesha vifua ipelekwe Ngomeni.

Tungependa pia uende ukazungumze na wauzaji wenyewe. Wengi wao wanaishi karibu nawe, na moshi ule wanauvuta wao kwanza.

Mimi ni mchongaji, Dar es Salaam. Halmashauri moja imeniuliza kama naweza kutengeneza sanamu ya bustani mpya. Miaka ya nyuma nilichora ukuta wa bustani nyingine, na bila kuniuliza wakaupaka rangi ya tangazo la biashara juu ya mchoro wangu. Sitaki yanikute tena. Nizingatie nini kuhusu mkataba, na nitumie malighafi gani?

Pole kwa yaliyokukuta. Mchoro uliofutwa namna ile hauumizi mfuko peke yake.

Sheria inakulinda zaidi ya unavyodhani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inampa mtunzi, mbali na haki ya kufaidika kifedha, haki ya kutambuliwa kwa jina lake na haki ya kupinga kazi yake kupotoshwa au kukatwakatwa kwa namna inayoiharibia heshima. Haki hizo hazihami kwa sababu tu umelipwa na ukuta ni wa mwingine. Ila haki inayotegemea kesi ni ghali kwa mchongaji, kwa hiyo iandike katika mkataba kwa maneno ya wazi: kazi haitapakwa rangi, haitahamishwa wala haitaongezewa kitu bila wewe kuarifiwa kwa maandishi na kupewa muda wa kujibu, tuseme siku 60; ikilazimika kuondolewa, utapewa nafasi ya kwanza ya kuichukua, na hakuna bango la biashara litakalowekwa ndani ya mita kadhaa mtakazokubaliana. Sajili kazi yako kwa msimamizi wa hakimiliki, na upige picha za kila hatua ya utengenezaji.

Kipengele ambacho wachongaji wengi hukisahau ni matunzo. Kabla hujatia saini, uliza ni idara gani itakayoosha sanamu, kwa fungu gani la bajeti, mara ngapi kwa mwaka. Ukiona mhusika anacheka au anasema mambo hayo yatajulikana mbele, pandisha bei yako uyafanye mwenyewe kwa miaka 3 ya mwanzo, au fikiria upya kama kazi hii ni ya kupokea. Katika miji yetu sanamu nyingi hazikuharibiwa na maadui. Ziliachwa.

Kuhusu malighafi, mwambao una adui mmoja mkubwa, nayo ni chumvi ya hewani. Zege lenye nondo za kawaida hupasuka kutoka ndani: chumvi hupenya, nondo hushika kutu, kutu huvimba, na baada ya miaka vidole vya sanamu huanguka kimojakimoja. Ukitumia zege, nondo zizame ndani ya kutosha pande zote, mchanga usiwe wa pwani, na saruji imwagiliwe maji kwa siku 7 angalau bila kukosa. Chuma cha kawaida hudai kupigwa msasa na rangi kila mara. Chuma kisichoshika kutu kinafaa kikiwa cha daraja linalostahimili bahari, lakini bei yake iulizwe kwanza. Shaba nyeusi inadumu sana, ila huwavutia wauzaji wa vyuma chakavu, na kibao cha shaba kilichofungwa kwa skrubu nne hakitamaliza mwaka; chonga maandishi ndani ya jiwe lenyewe. Mpingo, pamoja na heshima yote tunayoipa mikono ya Kimakonde, haukuumbwa kukaa juani na mvuani, utapasuka. Jiwe la matumbawe huchongeka kwa urahisi na linaendana na mji, mradi usilichonge kwa nakshi nyembamba mahali ambapo watoto watapanda. Nao watapanda. Fanya hesabu hiyo tangu mwanzo: kingo ziwe za mviringo, sehemu ya kukalia iwepo, na uzito wa watoto kumi usiangushe kitu.

Nenda kaiangalie tena Sanamu ya Askari pale Barabara ya Samora. Ilisimamishwa mwaka 1927 mahali ambapo Wajerumani walikuwa wameweka sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wao wa kikoloni, ambayo iliondolewa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Huhitaji kuipenda historia yake ili ujifunze mambo mawili. La kwanza, maandishi yake yapo kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, kwa hiyo mpita njia wa wakati ule aliweza kujua kinachosemwa. Tunashangaa kuona vibao vya leo, katika nchi yenye Kiswahili kama lugha ya taifa, vimeandikwa kwa lugha ya kigeni peke yake. La pili, iko katikati ya makutano ya barabara, na anayetaka kuisoma ni lazima akwepe magari. Wewe umebahatika kupewa bustani. Iweke kazi yako mahali ambapo mtu anaweza kuizunguka yote, akaigusa, akasoma, kisha akakaa karibu nayo bila kuona aibu.

Tuko Arusha. Tunataka kuweka maonyesho ya sanaa ya muda katika bustani ndogo ya katikati ya mji kwa wiki mbili, lakini msimamizi anahofia miti na nyasi. Je, hofu yake ina msingi, na tunaweza kumtuliza vipi?

Ina msingi kabisa, na tunampongeza. Wengi hudhani mizizi ya mti iko chini sana kama msumari, kumbe sehemu kubwa ya mizizi inayonyonya maji na chakula iko katika tabaka la juu la udongo, ndani ya nusu mita au zaidi kidogo, nayo huenea mbali kupita kivuli cha matawi. Lori moja la jukwaa likipita hapo udongo ukiwa na unyevu, udongo hushindiliwa, hewa na maji havipenyi tena, na mti huanza kukauka kuanzia kileleni baada ya mwaka au miwili, wakati walioleta lori wamekwisha kusahau. Nyasi nazo hugeuka njano chini ya turubai kwa siku chache tu.

Mfano mzuri wa kumwonyesha unatoka New York. Wasanii Christo na Jeanne-Claude walipendekeza mwaka 1979 kutandaza malango ya kitambaa cha rangi ya zafarani katika bustani ya Central Park. Mwaka 1981 walikataliwa, na miongoni mwa sababu ilikuwa hofu ya kuharibiwa kwa bustani. Mpango wa awali ulihitaji mashimo mengi ardhini. Hawakuishia kulalamika. Walibadili ufundi: kila lango likasimama juu ya vitako vizito vya chuma vilivyowekwa juu ya njia za waenda kwa miguu, bila kuchimba hata shimo moja. Ruhusa ilipatikana mwaka 2003, na kuanzia tarehe 12 hadi 27 Februari 2005 malango 7,503 yalisimama kwenye njia zenye urefu wa kilomita 37. Wasanii waligharamia wenyewe, kuingia kulikuwa bure, na vifaa vilivunjwavunjwa na kutumiwa upya. Ninyi hamna fedha zile, wala hamzihitaji, kwa maana ufundi wenyewe ni wa kawaida: uzito badala ya shimo, njia badala ya nyasi.

Kwa hiyo mwandikieni msimamizi pendekezo lenye ramani iliyochorwa kwa mkono, ikionyesha kila mti na duara linalouzunguka ambamo hamtaweka kitu wala kupitisha gari. Vitako vya kazi za maonyesho vishikiliwe kwa mifuko ya mchanga au matofali, juu ya njia au sehemu iliyosakafiwa. Chochote kitakachoning'inia mtini kifungwe kwa mkanda mpana wa kitambaa juu ya gunia, si kwa waya, na kifunguliwe siku ya mwisho mbele yake. Msipake rangi mashina hata kama ni chokaa. Jenereta ikae barabarani, na nyaya zipite pembezoni.

Epukeni Machi hadi Mei, wakati masika imeulainisha udongo. Agosti au Septemba ni kukavu na baridi imepungua. Wekeni amana ya fedha mikononi mwa halmashauri, kiasi cha kutosha kuotesha nyasi upya, kwa sharti la kurudishwa ukaguzi ukionyesha hakuna uharibifu. Siku ya kuingia, tembeeni na msimamizi bustani nzima mkipiga picha za kila kona pamoja, na siku ya kutoka mrudie mzunguko uleule. Mwalikeni pia mtunza bustani, yule anayeshika mpira wa maji kila asubuhi, awe mmoja wa watakaochagua wapi kila kazi ikae. Anajua maji yanatuama wapi mvua ikinyesha, watoto wa shule wanakatiza wapi saa saba mchana, na ni mti gani ambao tawi lake limeshaanza kuoza kwa ndani, msije mkaweka watu chini yake.